Wiki ya mbayuwayu: Kirumba, Lamadi mpaka Ukerewe

JUMATATU, Kirumba (Mwanza)

Wiki hii kazi yangu ni mbayuwayu tu. Shemeji anaenda Ukerewe kufuata dagaa, na safari hii kaamua kuzunguka na pikipiki kwa njia ya Bunda badala ya kupanda meli sababu ana watu wa kuwadai Magu na Lamadi, nikamwambia basi shem nipakie, maana hao ndege wanaondoka mwezi huu na ujao na njia yako yote inaambaa na ziwa. Alicheka mpaka akakohoa. "Ndege si hao hapo kwenye waya, unawafuata Ukerewe wakupe nini?" Afu akamalizia na ule msemo wetu, akili za mbayuwayu changanya na zako bwana.

Na kweli wapo hapo hapo Kirumba. Asubuhi karibu na mwaloni, yaani soko la samaki la ufukweni, nyaya za umeme zilikua zimejaa, wamekaa wote wameelekea kule upepo unakotoka, wanajichokoa manyoya, mmoja anaruka anazunguka juu ya mabanda ya dagaa anarudi, mwingine anamsogeza mwenzake apate nafasi, kelele tu vit vit vit. Hakuna anayewaangalia. Wapakiaji wanapita na magunia, mama lishe anachochea moto chini yao kabisa, mi ndo nimesimama katikati ya njia na darubini natukanwa kwamba nazuia mkokoteni.

Naomba tuelewane mapema ni mbayuwayu yupi, maana huku kwetu kila kandege kenye mkia wa panda kanaitwa mbayuwayu na mambo yanaishia hapo. Huyu ninayemfuata mgongo ni bluu nyeusi inayong'aa, paji la uso na koo vina rangi ya udongo mwekundu, chini ya koo ana mkanda mweusi unaokata kifua, tumbo jeupe au la krimu, na mkia una nyuzi mbili ndefu pembeni. Yule mwingine mnayemuona mwaka mzima pale gatini, kofia yote nyekundu, koo jeupe na hana mkanda, huyo ni mwenyeji, anazaa hapa hapa na haendi popote. Wa kwangu hazai hapa. Anazaa Ulaya yote mpaka Urusi na Asia huko, anaingia huku kwetu kuanzia Septemba, mwezi wa tatu na wa nne anaondoka. Uzito wake gramu 16 mpaka 22 hivi, hata nusu ya robo ya robo kilo hafiki. (Wapo pia wa Marekani, ila wao wanakimbilia Amerika Kusini, hatuhusiani nao.)

Wazungu wanamuita ndege wao, anakuja Afrika kukwepa baridi. Kwanza sio baridi hasa, ni njaa, maana huyu anakula wadudu wanaoruka na theluji ikianguka hakuna mdudu anaruka. Na hilo la "ndege wao" nina la kusema, ila ngoja tufike Lamadi.

Jioni nikapanda mawe ya Capri Point. Idd imepita juzi tu, kwa hiyo mwezi bado mwembamba, na wanaokaa ziwani wanajua kwamba siku hizi za mwezi mwandamo ndo wale wadudu wadogo wa ziwa wanatoka kwa fujo. Wanaishi kwenye tope la chini ya maji wakiwa viluwiluwi, afu siku yao ikifika wanapanda juu wote kwa pamoja, wanapata mabawa, wanacheza hewani, wanapandana, wanataga, wanakufa. Ukiona kwa mbali nguzo yao imesimama juu ya maji unadhani kuna mtu anachoma matairi kwenye mtumbwi. Upepo ukiwaleta nchi kavu funga mdomo, zima taa na funika ugali. Sisi tunalaani, mbayuwayu kwake hiyo ndo sherehe. Nimewaona wanaingia ndani ya lile wingu mdomo wazi, wanatoka upande wa pili, wanageuka wanarudi tena. Jua limezama wao bado wanakula.

JUMANNE

Mvua toka alfajiri. Shemeji kagoma kutoa pikipiki, kalala. Nimesimama chini ya baraza la duka moja barabara ya ziwani pale karibu na Bismarck Rock na watu wengine waliokwama, na mbayuwayu walikua chini kabisa, sentimita chache juu ya maji, sababu mvua inawashusha wadudu na wao wanashuka nao. Mmoja alikunywa maji mbele yetu bila kusimama, kachovya mdomo wa chini kidogo, mstari mdogo ukabaki juu ya maji, keshapita. Dada wa duka akasema kumbe hata kukaa kunywa maji hawana mda. Hawana kweli. Kula, kunywa, hata kuoga, vyote hewani.

JUMATANO, Kisesa, Nyanguge, Magu

Tumetoka saa moja, foleni ya Igoma kama kawaida yake, ukishavuka Kisesa ndo unapumua. Barabara ya Musoma mwezi huu ni kijani tupu, mpunga umesimama, madimbwi kila mahali, na juu ya kila jaruba kuna mbayuwayu wanapiga doria.

Kabla ya Magu tumesimama sababu ng'ombe wamejaa barabarani. Mzee mmoja anawachunga, shemeji akamsalimia Kisukuma, mwangaluka baba, mi nikatia shikamoo yangu, mzee akafurahi tukaanza stori. Miguuni kwa ng'ombe mbayuwayu walikua wanapita mpaka unaogopa watakanyagwa. Ng'ombe akikanyaga nyasi panzi wadogo na nzi wanaruka, ndege anadaka. Wanafanya hivyo hivyo kwa trekta, na hata kwa mtu, ukitembea kwenye majani marefu peke yako utaona umepata walinzi wanakuzunguka. Mzee akasema hawa wanakuja ng'ombe wakiwa wamekonda na wanaondoka ng'ombe wakiwa wamenenepa. Nimeipenda sana hiyo kalenda, maana ni sahihi kabisa, Septemba mwisho wa kiangazi mbavu za ng'ombe unazihesabu, Machi hii hapa wanang'aa. Nikamwambia mzee na hao ndege nao saivi wamenenepa, wanaweka mafuta ya safari chini ya ngozi. Akasema sasa mbona mnawaacha waende? Shemeji akajibu, "Mzee hatuna zizi lao."

Daraja la mto Simiyu tumeteremka chini kuangalia viota. Vijana waliokua wanaosha pikipiki wakatuambia hayo ndo majumba ya ndege wa Ulaya. Sio. Pale chini kuna aina tofauti zimepanga. Kikombe nusu kilichobandikwa ukutani ni cha yule mwenyeji mwenye kofia nyekundu. Kile cha tope chenye mdomo mrefu wa kuingilia, hicho ni cha mbayuwayu mwenye michirizi kifuani, naye ni wa Afrika. Na yale mabunda ya manyoya na majani yaliyobanana kwenye kona ni ya wale weusi wenye kiuno cheupe na mabawa ya mundu, ambao hata mbayuwayu sio, ni ukoo mwingine kabisa, ila watu tunawachanganya sababu wanaruka pamoja.

Mbayuwayu wetu msafiri kiota chake kipo huko huko aendako, kwenye mabanda ya ng'ombe, stoo za wakulima, gereji, mahali popote penye boriti na dirisha lisilofungwa. Dume na jike wanabeba tope kwa mdomo, donge moja moja wanachanganya na majani makavu, inaweza kufika safari elfu na zaidi kwa kiota kimoja. Ndo maana kikipona wanakikarabati tu mwaka unaofuata, na ndege aliyewahi kuzaa banda fulani mara nyingi anarudi banda lile lile. Hebu fikiria, umetoka Magu hapa unavuka Sahara unaenda kutafuta boriti moja Urusi. Mayai manne matano, yanalaliwa wiki mbili hivi, makinda yanakaa kiotani kama wiki tatu, wakiruka tu mama anataga tena. Wazazi wote wawili wanalisha, kutwa nzima, na kule jua la kiangazi halizami mapema kwa hiyo zamu ni ndefu kweli.

Tumelala Magu. Aliyekua adaiwe kazima simu.

ALHAMISI, Lamadi

Asubuhi kabla hatujaondoka Magu, juu ya waya wa gesti, madume walikua wanaimba. Watu wengi hawajui kama huyu ndege ni muimbaji, na kweli ni ndege mwimbaji kabisa, yupo kundi moja na chiriku. Wimbo wenyewe ni maneno mengi ya haraka haraka yasiyo na nukta, afu mwishoni anakwaruza trrrr. Oktoba husikii sana hii, Machi ndo wanaanza kujipasha. Dume unamjua kwa zile nyuzi za mkia, zake ndefu kuliko za jike, na wale waliozaliwa mwaka jana mkia mfupi. Kuna mtafiti wa Denmark, Anders Pape Møller, mwaka 1988 alitoa majibu ya jaribio lake, alichukua madume akawakata baadhi mikia, wengine akawaongezea kwa kugundisha vipande na gundi, akaangalia nani anaoa. Walioongezewa wakapata wachumba haraka, waliokatwa wakakaa sana wakisubiri. Shemeji kasikiliza hii kwa makini kuliko zote, afu akasema sasa yule aliyekatwa anamdai nani?

Lamadi tumefika mchana. Huyu mdaiwa alikuwepo, kalipa nusu, na mwanae wa sekondari akasema anajua mahali ndege wanalala, twendeni jioni. Tumeacha pikipiki kwenye shamba la nyanya tukatembea mpaka ufukweni, Ghuba ya Speke iko wazi mbele, na pembeni kuna matete mengi yamesimama ndani ya maji.

Saa kumi na mbili kamili hakuna kitu. Nikaanza kuogopa dogo katudanganya. Saa kumi na mbili na nusu wakaanza kufika wachache wa juu sana, unawaona kwa darubini tu, wanakuja kutoka upande wa mashamba, wengine kutoka ziwani, wengine nyuma yetu, hawatui, wanazunguka. Wakazidi. Wakazidi tena, mpaka ukiangalia juu huwezi kuchagua mmoja wa kumfuata kwa macho. Sithubutu kusema idadi, ni maelfu, basi. Kelele yao unaisikia wakiwa bado juu. Kisha jua lilivyozama kabisa, kundi moja likajirusha chini, wakapita juu ya vichwa vyetu kwa mvumo wa mabawa ambao dogo alisema huwa unamuogopesha, wakaingia kwenye matete, likafuata la pili, la tatu. Kila tete linapinda kwa uzito, wanagombania, anayekuja anamsukuma aliyekaa. Baada ya robo saa hivi giza, na wote kimya.

Kabla hawajazama aliingia kozi. Mdogo, mabawa marefu, mashavu yana masharubu meusi na mapajani manyoya mekundu, huyo naye ni msafiri wa kutoka huko huko kaskazini, yaani muwindaji na muwindwa wametumia barabara moja. Alipita katikati yao mara mbili bila kitu, ya tatu akatoka na mmoja, akamla huku anaruka. Hii ndo sababu wanalala kwa kurundikana, macho mengi, na wewe mmoja kati ya maelfu una nafasi nzuri kuliko ukiwa peke yako. Na matete yakiwa ndani ya maji paka na wanyama wengine wa usiku wanapata tabu kufika.

Sasa lile la "ndege wao". Pale pembeni ya matete dogo kaokota unyoya wa bawa, mweusi, umelika ncha. Huo ni unyoya wa zamani. Mbayuwayu akifika Afrika anakua amechakaa, manyoya ya mabawa yamepigwa na jua, tope la kiota, na maelfu ya kilomita. Akiwa huku ndo anayabadilisha yote, na hawezi kuyatoa kwa pamoja maana bata anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuruka akaogelea akala, ila mbayuwayu asiporuka hali. Kwa hiyo anaangusha unyoya mmoja wa kila bawa, kulia na kushoto sawasawa, unaota, ndo unafuata mwingine, anaanzia ndani anaelekea ncha, miezi inapita. Ni fundi anayebadilisha matairi ya daladala huku daladala linatembea na abiria ndani. Kazi inaisha kwenye Februari, Machi, na mchana huu kwenye waya pale stendi nimeona mmoja ambaye unyoya wake wa nje bado mfupi, bawa lina pengo, huyo kachelewa na hatatoka leo wala kesho.

Unaelewa sasa? Lile bawa analoenda nalo Ulaya, na zile nyuzi za mkia ambazo jike wa kule anazichagua, vimeota Afrika, kwa wadudu wa Afrika. Najua sio wote walioko Lamadi leo wamekaa msimu mzima Ziwa Victoria, wengi wametokea kusini mpaka Afrika Kusini wanapita tu, lakini hoja yangu inabaki pale pale. Anazaliwa kule, anajengwa huku. Ukijumlisha miezi ya huku na wiki za njiani, kule anakaa mda mfupi kuliko tunavyodhani. Kumuita mgeni mi naona ni kumuonea.

Kinachoniudhi ni kwamba upande wa pili wa yale matete umeshachomwa, mtu kafungua bustani ya mboga mpaka kwenye maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa ziwa usifanye shughuli za kudumu, kila mtu pale anaijua na kila mtu ana bustani. Sitaki kumhukumu mtu anayelisha watoto kwa mchicha. Ila matete hayo hayo samaki wadogo wanakulia humo, na ndo yanayochuja tope, sasa tukiyamaliza hata hao wa mchicha watakuja kulalamika sato hakuna. Nimemwambia dogo, akasema baba yake ndo mwenye bustani. Nikanyamaza maana kule kwa baba ndo tunalala.

IJUMAA, Bunda, Kibara, Kisorya

Nimeamka saa kumi na moja kurudi matete. Wanaondoka kabla jua halijachomoza, wanalipuka kwa mafungu, na tofauti na jana hawakuzunguka, fungu baada ya fungu limenyoosha kaskazini. Wengine wameenda kula tu na jioni watarudi. Wengine ndo hivyo tena.

Bunda chai na chapati, kisha tukakata kushoto kuelekea Kisorya. Njia hii sina mengi, vumbi hakuna sababu ya mvua ila matope yapo, shemeji mgongo unauma, mi kalio.

Kivuko cha Kisorya kwenda Rugezi ni kipande kifupi cha maji na ndicho kilichonipa picha nzuri kuliko zote. Kivuko kinaelekea magharibi, mbayuwayu wanatokea kushoto wanaenda kulia, wanakata mbele ya kivuko chini chini, mita moja mbili juu ya mawimbi, hawana mpangilio wa mstari wala kiongozi, watatu, kimya, wanane, kimya, mmoja peke yake. Huyu ndege anasafiri mchana tofauti na wenzake wengi wadogo wanaosafiri usiku, na anasafiri huku anakula, ndo maana haendi juu sana. Siku nzuri anaweza kupiga kilomita mia tatu. Kutoka hapa mpaka Moscow tu ni zaidi ya kilomita 6,000, na katikati hapo kuna Sahara ambako hakuna ziwa wala ng'ombe. Hapo ndo yale mafuta ya Machi yanaliwa, na wengi wanabaki huko huko mchangani.

Kondakta wa basi moja lililokua kwenye kivuko akaniuliza napiga picha nini, nikamuonyesha, akaangalia kidogo, akasema "kumbe hawa nao wanavuka bure."

JUMAMOSI, Ukerewe

Shemeji kazama kwenye biashara yake toka asubuhi, mimi nimekaa mwaloni nje ya Nansio kwenye chanja za dagaa. Dagaa wakianikwa nzi wanakuja, nzi wakija mbayuwayu wanakuja, na wamama wanaogeuza dagaa wanawapenda kwa hilo, mmoja aliniambia hao wasiguswe, wanatusaidia kuliko dawa. Watoto wana manati lakini wanapiga kwera, mbayuwayu wanamuacha, sijui ni heshima au ni kwa sababu hapigiki.

Usiku ndo stori zilikolea. Mwezi umefika nusu, wavuvi wa dagaa hawaingii majini mpaka uzame maana taa haivuti dagaa kukiwa na mbalamwezi, kwa hiyo mpaka saa sita hivi wamekaa ufukweni wanasubiri giza, taa za sola zimeshafungwa kwenye maboya, karabai siku hizi chache. Nikawasimulia kwamba zamani Ulaya hawakujua hawa ndege wanaenda wapi. Walikua wanawaona wanakusanyika kwenye matete jioni, kesho hawapo. Basi askofu mmoja wa Uswidi, Olaus Magnus, mwaka 1555 akaandika kwamba wanazama ziwani wanalala kwenye tope chini ya maji mpaka baridi iishe, na kwamba wavuvi huwa wanawavuta na nyavu wakiwa wameshikana mdomo kwa mdomo, na mchoro wake upo, wavuvi wanavuta kokoro limejaa samaki na mbayuwayu pamoja.

Walicheka mpaka mzee wa chombo akaamka. Mmoja akasema mimi nina miaka ishirini majini, nimevuta sangara, mamba, viatu, gunia la simenti, mbayuwayu bado. Mwingine akasema huyo askofu aliuziwa stori na wavuvi, si unajua sisi. Nadhani huyu ndo kaelewa historia kuliko wengi.

Kilichomaliza ubishi ni pete. Tarehe 6 Mei 1911 bwana mmoja John Masefield, Uingereza kule Staffordshire, alimfunga mbayuwayu aliyekua na kiota nyumbani kwake kipete chepesi mguuni chenye anwani ya London. Tarehe 23 Desemba 1912 ndege yule yule akakutwa kwenye nyumba ya shambani Natal, Afrika Kusini, mwenye hoteli mmoja wa mji wa karibu akaandika barua kwenye ile anwani. Ndo ikajulikana kwa ushahidi wa mkononi kwamba mbayuwayu wa Uingereza wanafika mwisho kabisa wa bara letu. Na angalia tarehe, katikati hapo huyo ndege alikua ameshaenda Afrika, akarudi, akaenda tena.

Wakauliza sisi tukimkuta mwenye pete? Nikasema hivyo hivyo, soma namba, piga picha, kama mzima muache aende zake, afu tuma hiyo namba na anwani iliyoandikwa. Yule wa viatu na simenti akauliza kuna hela? Hakuna hela. Akasema basi wampe namba ya simu huyo ndege, sio anwani. Saa sita na kitu mwezi ukazama, wakasukuma mitumbwi.

JUMAPILI, Nansio

Gunia za shemeji zimeshapimwa, pikipiki inapanda melini, tunarudi Mwanza kwa maji. Nilipata nusu saa ya kuangalia nyaya za bandarini na nikaangalia mikia tu. Wengi waliobaki ni wa mkia mfupi. Hii ndo inavyokwenda, madume wakubwa wanatangulia sababu anayewahi kule ndo anashika banda zuri, majike wanafuata, wale wa mwaka wa kwanza ambao hawajawahi kuoa wala hawajui haraka ni ya nini wanachelewa. Mtoto hafundishwi njia na mtu. Aliletwa na silika Septemba na atarudishwa na silika hiyo hiyo, na wengi wa waliozaliwa mwaka jana hawakufika hata huu Machi. Mwenye bahati anaishi miaka kadhaa, wapo wachache wenye pete waliopita kumi.

Hawajaisha lakini. Wa kutoka kusini watakua wanapita mwezi wa nne wote, na wachache unaweza kuwakuta hata Mei ikianza. Kuna kijana wa pale mwaloni, yule anayesaidia wamama kugeuza dagaa, tumekubaliana kila asubuhi anitumie meseji ana wangapi kwenye waya na mikia ni mirefu au mifupi, mimi namrushia bando la wiki. Ameanza leo leo, meli haijang'oa hata nanga: "bro 14, mifupi yote ila wawili."

Shemeji kaniuliza hilo bando linaingia kwenye hesabu ya dagaa au ni la kwangu. La kwangu.